Namba ya mama si namba ya mashabiki

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 17 na anaimba singeli. Mwaka jana alipoweka wimbo wake wa kwanza mtandaoni, aliandika chini yake namba ya simu kwa wanaotaka kumwalika kwenye shughuli. Hakuwa na laini yake, akaweka ya mama.

Wiki ile nyumbani hakulaliki. Simu ziliita saa tano usiku, nyingine saa nane. Wengi walitaka tu kusikia sauti ya "msanii". Mama ana shinikizo la damu, na kila simu ya usiku wa manane alidhani ni taarifa ya msiba. Siku ya nne mtangazaji wa redio akapiga, anataka kumhoji dogo. Mama akamjibu, "Nyie matapeli nimewachoka," akakata.

Najua wazazi ambao wangemaliza jambo hili kwa kumnyang'anya kijana simu. Lakini msanii asiyepatikana hapati kazi, na kijana aliyenyimwa simu ya wazi hutafuta ya siri. Kinachohitajika ni mlango mmoja unaojulikana, wenye saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa.

Anzeni na laini ya kazi, tofauti na ya familia. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure na inaweza kujibu yenyewe nje ya saa mlizopanga: "Asante, tutakujibu kesho kuanzia saa kumi jioni." Usiku simu hiyo ilale sebuleni. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akiukosa, utaona darasani hasikii na nyumbani ana hasira.

Kwa mashabiki, nusu saa kwa siku inatosha. Ajibu maoni hadharani, chini ya wimbo, ambako kila mtu anaona. TikTok hairuhusu ujumbe wa faragha kwa walio chini ya miaka 16, wala kurusha matangazo mubashara kwa walio chini ya miaka 18. Muulize mwanao aliandika umri gani alipojiunga. Na mkubaliane mapema: shabiki akiomba picha za faragha au kukutana peke yao, akwambie siku hiyo hiyo, nawe usimwadhibu kwa kukwambia. Akiogopa kupoteza simu, atanyamaza.

Kwa waandishi, nasema kama mtu anayetafuta watu kwenye simu kila siku. Andaeni ukurasa mmoja: jina lake la kisanii, mji anakotoka, sentensi nne kuhusu kazi yake, picha mbili zinazoonekana vizuri, kiungo cha wimbo na namba ya kazi. Jina la shule na mtaa mnaoishi visiwemo. Mwandishi akipiga wakati mbaya, mjibuni hata kwa ujumbe mfupi kwamba mtapiga saa fulani, kisha mpige kweli. Tuna saa ya kufunga habari, na asiyejibu tunamwacha tunatafuta mwingine. Kama kijana hajafikisha miaka 18, mzazi awepo kwenye mahojiano.

Mama alipoelezwa yule aliyekata simu alikuwa nani, alimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Wakacheka. Mahojiano yalifanyika Jumamosi mchana, mama amekaa pembeni na mkoba wake mapajani. Dogo alipoulizwa anasoma wapi, mama alikohoa, na dogo akahamia kwenye habari za wimbo.

Laini ya kazi sasa imesajiliwa kwa jina la mama. Saa tatu usiku anaizima mwenyewe, anameza dawa yake, analala.