Malisho Kwanza, Mtalii Baadaye

Mwaka 1996 wafugaji wa Garissa walikwenda hadi Mahakama Kuu, Nairobi, kulishtaki Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Hawakudai fidia ya ng'ombe aliyeliwa na simba wala ya shamba lililokanyagwa na tembo. Walidai swala wao wasichukuliwe. Swala mwenyewe ni hirola, mnyama wa rangi ya mchanga mwenye mchirizi mweupe unaozunguka macho na kukutana katikati ya paji la uso mithili ya miwani. Makao yake ya asili duniani kote yamebaki ukanda huu wetu wa Ijara na maeneo jirani, kuelekea mpaka wa Somalia. Shirika lilitaka kuwahamishia baadhi Tsavo Mashariki, mahali lilipopaona salama zaidi. Wafugaji wakasema hapana, na mahakama ikakubaliana nao. Ilisema shirika limepewa kazi ya kuwahifadhi wanyama katika mazingira yao ya asili, na kwamba halina uwezo wa kuwaondoa bila ridhaa ya watu wenye haki ya kufaidi matunda ya ardhi ile.

Mwaka huohuo kundi la hirola lilihamishwa hata hivyo, kama ilivyokuwa imefanyika mara ya kwanza mwaka 1963, na vizazi vyao vingali Tsavo hadi leo. Lakini kinachotushughulisha katika toleo hili ni wale walioshtaki. Arawale, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, haikuwa ikimletea mfugaji wa Ijara mapato ya kusema. Sheria za hali ya hatari, ambazo mkoa mzima uliishi chini yake tangu siku za vita vya shifta, zilikuwa zimeondolewa mwaka 1991 tu. Mtu wa hapa alikuwa na kila sababu ya kukwepa mahakama na kila mwenye sare. Akaenda Nairobi kumtetea swala asiyemwingizia hata shilingi.

Tunaanzia hapo kwa sababu mjadala wa wanyamapori nchini umezoea kuanzia kwa mtalii. Mtalii huleta fedha, fedha humlinda mnyama, na kinachosalia humfikia mwanakijiji. Kule Mara mpango huo una miguu ya kusimamia: ada za lango zinaingia kaunti ya Narok, na wenye ardhi waliotoa maeneo yao kuwa hifadhi binafsi hulipwa kodi na kampuni za kitalii. Hata huko, mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, watu walionja maana ya kumtegemea mgeni mmoja. Huku kwetu mpango wenyewe hukatika mwanzoni kabisa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Septemba mwaka huo serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni kuwafurusha Al-Shabaab msituni, na hifadhi za Boni na Dodori zikawa ardhi ya doria za kijeshi. Waaweer, watu wa msitu huo tangu jadi, ndio waliozuiwa kuingia kutafuta asali yao. Serikali za ng'ambo nazo huwaonya raia wao wasikanyage kaunti hii. Ukimwambia mzee wa Sangailu kwamba jamii yake itanufaika watalii watakapokuja, umemwambia asubiri bila tarehe.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba kaskazini mashariki mwa Kenya uhifadhi usisubiri utalii, na faida ya jamii isipimwe kwa tiketi za lango. Upo msingi mwingine, nao ni malisho.

Miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kuwa zaidi ya 10,000. Leo hawazidi 500. Ukimuuliza mtu wa Nairobi atakutajia ujangili, na ujangili ulikuwepo. Lakini mfugaji aliyekuwapo atakutajia sotoka, iliyopita hapa katikati ya miaka ya 1980 ikiua ng'ombe na swala bila kubagua. Kisha atakuonyesha vichaka. Nyanda zilizokuwa nyasi tupu sasa zimefungwa na miti ya miiba, na utafiti ulioongozwa na Abdullahi Hussein Ali, mwanasayansi wa huku Garissa, ulionyesha kwamba eneo lenye miti limeongezeka zaidi ya mara mbili tangu miaka hiyo ya 1980. Sababu zimeshikana. Tembo, aliyekuwa akiing'oa na kuivunja miti hiyo, alimalizwa na bunduki za majangili. Ng'ombe walirundikana karibu na vijiji na visima, wakala nyasi hadi mizizi, na mvua zikakosa mpangilio. Kando ya mto Tana ukaingia mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa ambao sasa unaziba njia, unaharibu meno ya mbuzi na kujaza mashamba miiba.

Sasa tazama jambo hili kwa jicho la mwenye mifugo. Nyasi anazozikosa hirola ndizo anazozikosa ng'ombe. Hirola hapendi kichaka kwa sababu simba na mbwa mwitu hujificha humo, na mchungaji hakipendi kwa sababu hiyohiyo. Huu ndio utajiri wa kesi yetu, na inasikitisha kwamba warsha nyingi za hoteli za Nairobi hazijauona. Mahali pengi mnyama na mfugo ni washindani, kwa hiyo jamii hulipwa ili impishe mnyama. Ijara shilingi moja iliyotumika kuotesha nyasi inamfaa swala na ndama siku hiyohiyo, bila ndege kutua. Wafugaji wa ukanda wa hirola walipoulizwa na watafiti ni hatua gani wangeunga mkono, walikubali kupanda nyasi na kuwalinda tembo. Walichokataa ni kuambiwa wapunguze mifugo. Hawakukataa uhifadhi. Walikataa uhifadhi unaoanza kwa kumnyang'anya mtu riziki yake, na hapo tuko upande wao.

Chanjo ni vivyo hivyo. Mnyama wa mwisho duniani kuthibitishwa kuwa na sotoka alikuwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001, na dunia ikatangaza ugonjwa huo umetoweka mwaka 2011. Waliochanja ng'ombe wa nyika hii kwa miaka waliwaokoa hirola bila kupewa nishani ya uhifadhi. Mwisho wa mwaka 2006 Homa ya Bonde la Ufa ilipoibuka Garissa, ikaua watu na kufunga soko la mifugo, tulikumbushwa tena kwamba daktari wa mifugo ni mtu wa uhifadhi kama alivyo askari wa wanyamapori. Ila askari ana gari.

Kuna neno la kusema pia kuhusu maji. Simama jioni kwenye malka yoyote, njia ya mifugo na wanyama kufika mtoni, chini ya mji wa Garissa. Mashamba ya maembe, ndizi na tikiti yamesogea hadi ukingo wa Tana, kila moja na ua wake wa matawi ya miiba, na pampu zinanguruma. Kati ya shamba na shamba imebaki njia ya upana wa mikokoteni miwili. Hapo wanapita ngamia, mbuzi, punda wenye mitungi, na juu ya vichwa vyote hivyo twiga watatu wanne wamesimama wakipima kama leo watafika majini. Twiga akivunja ua, mkulima aliyekopa fedha za dizeli anapata hasara. Twiga akizunguka, anavuka barabara kuu penye malori. Mwanamke anayechota maji ukingoni, mamba anamvizia. Hawa wote wana haki ya ile malka, na kuiacha wazi hakugharimu hoteli ya kitalii hata moja. Kunahitaji ramani, mawe ya mipaka, na kaunti yenye ujasiri wa kumwambia mwekezaji mkubwa kwamba hapa hapalimwi.

Malka ikifungwa na silanga likikauka, tunajua kinachofuata. Desemba 2021, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, Wajir, twiga sita walikwama matopeni wakijaribu kunywa maji yaliyobaki katika bwawa lililokuwa karibu kukauka. Walikuwa dhaifu kwa njaa na kiu, wakafia hapo. Wenyeji waliivuta mizoga ile mbali na bwawa, kwa kuwa maji yale machache walikuwa wanayanywa na wao. Picha ya twiga sita waliolala mduara ilizunguka dunia nzima. Karibu miaka miwili kabla yake dunia ilikuwa imewalilia twiga weupe wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, jike na ndama wake, walioripotiwa kuuawa na majangili Machi 2020. Akabaki dume mmoja, ambaye Novemba mwaka huo alifungwa kifaa cha kumfuatilia kwa setilaiti. Huruma hiyo tunaipokea kwa shukrani. Lakini maskauti wanaotembea kwa miguu wakimfuata dume yule wanahitaji mshahara kila mwezi, hata katika miaka isiyo na picha.

Ishaqbini yenyewe inastahili kusomwa kwa makini, na tumeipa nafasi kubwa katika kurasa zijazo. Ilianzishwa na jamii za Hara, Korisa na Kotile wakisaidiwa na shirika la Northern Rangelands Trust. Mwaka 2012 waliweka ua wa kuzuia wanyama wakali na kuingiza hirola 48 ndani yake, na idadi hiyo imeshaongezeka zaidi ya maradufu. Wafugaji walikubali kuacha kipande cha malisho yao kizungushiwe waya kwa ajili ya swala. Hakuna kampuni ya kitalii ingeweza kununua uamuzi huo kama wazee wangeukataa.

Nao wanaweza kuukataa. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab, jirani zetu wa magharibi, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Wapo wafadhili walioiona hukumu hiyo kama pigo kwa uhifadhi. Sisi tunaiona kuwa ndugu wa ile ya 1996: pale mahakama ilisema usichukue mnyama bila ridhaa ya wenyeji, na hapa imesema usichukue ardhi. Tulishaona Loliondo, ng'ambo ya mpaka wa kusini, Juni 2022, mambo yanavyokuwa ridhaa ikikosekana. Kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamaasai ziliwekewa alama za mpaka chini ya ulinzi wa polisi, katika nchi ambayo watalii si haba. Kwa hiyo wingi wa watalii peke yake si dawa. Penye fedha nyingi na haki kidogo, mfugaji ndiye anayehamishwa.

Ridhaa nayo inahitaji hati. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na fidia yoyote inayolipwa kwa ardhi hiyo huwekwa na kaunti hadi usajili ufanyike. Sehemu kubwa ya ardhi yetu bado haijasajiliwa, na barabara ya LAPSSET kutoka Lamu kwenda Isiolo inapita katikati ya makao ya hirola. Jamii isiyo na hati itasikia habari za fidia redioni. Ndiyo maana tunaliweka suala la usajili mbele ya kambi yoyote ya kitalii.

Na fidia ya madhara ya wanyama ilipwe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyelemazwa. Faili hupita kamati ya kaunti, hupanda Nairobi, na huko familia nyingi husubiri miaka. Mjane ambaye mumewe alichukuliwa na mamba hana deni na twiga wala hirola. Serikali ndiyo yenye deni naye, na kila mwaka anaosubiri unawafundisha wanawe kwamba uhai wa mnyama una askari na uhai wa baba yao hauna.

Hatumfukuzi mtalii. Aje, tena tunadhani wa kwanza yuko karibu kuliko tunavyomtafuta. Hifadhi ya twiga ya Bour-Algi iko mwendo mfupi kutoka mjini, na watoto wa shule za mjini wanaomjua twiga kwa vitabu tu ni wengi kuliko watalii wote wa Ulaya ambao tungeweza kuwaota. Basi la shule, familia siku ya Idd, abiria anayekwenda Wajir akapumzika saa mbili: hao hawasomi maonyo ya safari ya balozi za kigeni. Ada yao ni ndogo, lakini mtoto aliyemwona twiga akinywa maji atakuja kuketi katika bunge la kaunti siku moja.

Bunge hilo hupitisha makadirio ya matumizi kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni. Tutakayoyatafuta humo mwaka ujao ni haya: mbegu za nyasi kwa Ijara na Fafi, kung'oa mathenge, chanjo, mawe ya mipaka ya malka, na fedha za kuzisaidia jamii kusajili ardhi. Tutakachokikuta tutakichapisha, fungu kwa fungu.