Kanda za Wasikilizaji ni Amana ya Taifa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo aghalabu husikika madukani na katika vyama vya ushirika, mahali penye fedha za kuhesabiwa. Leo safu hii inautaja kwa ajili ya mali ya namna nyingine: kanda zilizonaswa na wasikilizaji wa kawaida, wakati mpiga gitaa mmoja alipokaa mbele ya watu akapiga gitaa kavu kwa vidole vyake, bila bendi wala umeme.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza: gitaa la Mbalizi latuhusu nini sisi watu wa visiwani? Jibu ni kwamba linawahusu sana, na historia yenyewe ni shahidi.

Mbalizi ni mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, mwendo mfupi kutoka jiji la Mbeya. Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini walikwenda kuuza nguvu zao katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine walifika hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mkoloni alitaka jasho lao tu, lakini binadamu haendi safari akaacha masikio yake nyumbani. Waliorejea walirejea na mablanketi, na baiskeli, na baadhi yao na magitaa. Hata jina la galatoni, ambalo wazee wetu waliliita gitaa kavu, limetokana na Gallotone, alama ya biashara ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini.

Bingwa wa upigaji huo alikuwa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimnasa sauti katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, na wimbo wake wa "Masanga" ukaenea Afrika na nje ya Afrika. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, mtu mmoja alitoa besi, mwendo na sauti ya juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni watatu. Mwenda alikuwa Myeke wa Bunkeya, na Wayeke ni watu ambao wazee wao walitoka Usumbwa na Unyamwezi katika karne ya 19, wakafuata njia za misafara ya pembe na shaba. Njia hizo ndizo zilizokipeleka Kiswahili cha pwani na visiwani hadi Katanga. Basi Mwenda alipoimba kwa Kiswahili cha kwao, lugha iliyoondoka pwani kwa miguu ilikuwa inarudi Afrika Mashariki kwa gitaa. Mtu wa Unguja akisema jambo hilo halimhusu, atakuwa ameikana safari ya ulimi wake mwenyewe.

Sasa tuitazame hali ya kumbukumbu zetu. Santuri za zamani za mizunguko 78 zilichukua dakika tatu hivi kwa kila upande. Redio nayo ilikuwa na ratiba yake, na bendi kubwa za mijini ndizo zilizopata nafasi ya kwanza. Mpiga gitaa wa sokoni, wa harusini au wa kilabuni, ambaye wimbo wake mmoja huweza kuchukua nusu saa kwa kuwa humtaja kila aliyehudhuria, hakuenea katika santuri wala katika ratiba. Aliyemhifadhi ni yule mpenzi wa muziki aliyeweka redio kaseti yake juu ya kiti na kubonyeza kitufe. Katika kanda yake mna gitaa, mna vicheko, mna mzee anayeomba wimbo urudiwe, mna na mtoto anayelia. Wajuzi wa studio huyaita hayo makelele. Sisi tunayaita ushahidi, maana yanatuonyesha muziki ulifanya kazi gani baina ya watu.

Watu wa pwani wanaielewa hoja hii bila kufundishwa. Tangu Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kunaswa sauti, pwani imejua thamani ya sauti iliyohifadhiwa. Huko Mombasa sehemu kubwa ya sifa za Juma Bhalo na Zein l'Abdin ilienea kwa kaseti zilizonaswa harusini, mbele ya maharusi na wageni wao. Laiti kaseti hizo zisingalinaswa, leo tungekuwa na majina matupu.

Mataifa mengine yamelitambua jambo hili. Huko Marekani, Mchungaji Gary Davis, kipofu na bingwa wa kupiga gitaa la blues kwa vidole, alinaswa na wanafunzi wake kwa tepu rekoda za kawaida nyumbani kwake New York na kanisani katika miaka ya 1960. Mmoja wao, Stefan Grossman, alizitunza kanda hizo, na baada ya Davis kufariki mwaka 1972 zikawa chuo kwa wapigaji wa kizazi kingine. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikwenda Shaba kuwatafuta Mwenda na wenzake ili ajifunze kwao, na mwaka 1982 akachapisha shajara ya safari hiyo. Je, wageni watufunge safari kuja kuwasikiliza wazee wetu, nasi tuliozaliwa nao tushindwe kuvuka uwanja?

Hatari iliyopo ni kubwa. Kanda huota ukungu, hunyauka kwa joto, na mashine za kuzichezea zinatoweka. Mwaka 1999 mtu aliweza kununua redio kaseti katika duka lolote. Leo hata fundi wa kuitengeneza hutafutwa. Tangu mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, imekuwa ikitoa tahadhari juu ya jambo hilo hilo. Wala vijana wanaonasa kwa simu wasijione wamesalimika. Simu huibwa, huanguka majini, na ikijaa, kinachofutwa kwanza ni wimbo wa mzee. Tusisahau pia kwamba sauti ambazo Tracey alizinasa Tanganyika mwaka 1950 zimo katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, iliyoko leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Urithi usiotunzwa nyumbani hutunzwa ugenini, na mwenyewe huwa mgeni mlangoni pa mali yake.

Wapo wasemao kwamba kunasa onyesho la msanii ni wizi. Wapo na wengine wasemao kwamba kilichosikiwa na wote ni mali ya wote, hivyo kila mtu na auze. Kauli zote mbili zina kasoro. Anayenasa kwa kupenda na kutunza amefanya wema. Anayetoa nakala elfu moja na kuziuza pasipo idhini ya mpigaji ni mnyonyaji. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, zinazitambua haki za mtunzi na za mtumbuizaji. Chanda chema huvikwa pete, na vidole vilivyoikung'uta galatoni vinastahili pete hiyo angali mwenyewe yu hai.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali, Bara na Visiwani, wachukue hatua zilizo ndani ya uwezo wao. Kila Afisa Utamaduni wa wilaya afungue daftari la kanda zilizo mikononi mwa wananchi: jina la mpigaji, mahali, mwaka, na nani anayezitunza. Mashirika ya utangazaji ya TBC na ZBC yapange siku za kuzipokea, kuzinakili na kuwarudishia wenyewe siku hiyo hiyo, kwani mwananchi akinyang'anywa kanda moja, wenzake mia watazificha zao. Nakala moja iwekwe katika Nyaraka za Taifa, na nyingine katika Nyaraka za Zanzibar. COSOTA na COSOZA ziwaandikishe wapigaji au warithi wao kabla wimbo haujarushwa hewani. Kazi hii yaweza kuanza kwa mashine chache, mafundi wachache na uaminifu mwingi.

Nao wananchi wana wajibu wao. Usiitupe kanda ya marehemu baba yako kwa kuwa haina mashine ya kuichezea. Andika juu yake jina na mwaka. Mwulize mzee aliyekuwapo ni nani anayesikika akiimba, maana mzee huyo naye hatakuwapo daima.

Tulipofundishwa chuoni, tulifundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Sauti hizi ni amana. Wenyewe ni wapigaji walioziumba na watoto wetu watakaozihitaji. Sisi tuliopo leo ni washika funguo tu, na mshika ufunguo huulizwa siku ghala litakapokutwa tupu.