Bega la Biharusi Wetu wa Kizota



Mwishoni mwa Julai tulipanda boti, kisha treni ya mwendokasi, tukaenda Dodoma, sisi mama wadogo watatu na begi zima la liwa, singo, udi na hina. Dada yetu ameolewa huko Kizota zaidi ya miaka ishirini, na binti yake wa pili alikuwa ameshaposwa. Harusi ilipangwa katikati ya Septemba. Tukasema biharusi huyu tutamweka ndani siku arubaini, kama walivyowekwa wakubwa wetu, atoke ameiva.

Asiyeijua Kizota aelewe kwamba si mahali pa majani na mito. Ni upande wa mji wenye magodauni ya nafaka na malori, njia ya kwendea Singida. Wengi walilisikia jina lake kwa sababu ya ukumbi ambao CCM ilikuwa ikifanyia mikutano yake mikuu. Mwezi wa saba na wa nane huko hakuna mvua hata tone, ardhi ngumu kama sahani, upepo unabeba vumbi mchana na jioni kunakuwa na baridi ya kutafuta sweta. Mbele ya nyumba ya dada, watoto wa kike wanacheza rede kila alasiri: wawili wanarusha mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Sisi visiwani tumeuzoea kwa jina la nage. Tulifurahi kuuona, tukasema kumbe dunia ni moja.

Sasa biharusi wetu. Huyu binti ni mrushaji wa softiboli. Alianza alipokuwa sekondari Dar es Salaam, na sasa yuko chuo na bado anacheza. Mchezo huu na ndugu yake besiboli vimesogezwa sana nchini na Wajapani, na pale Shule ya Sekondari Azania kuna uwanja uliojengwa kwa msaada wao, uliofunguliwa Desemba 2018. Chuo kikifungwa, timu nayo inatawanyika mpaka Oktoba. Kwa hiyo miezi aliyokuja kukaa Kizota, kwake ilikuwa miezi mitatu bila mechi, na kwetu sisi ilikuwa miezi ya kumsugua singo. Hapo ndipo tulipogongana.

Kwa wasioujua mchezo tuseme kidogo. Mrushaji wa softiboli harushi kwa juu kama anayetupia embe jiwe. Mkono unashuka, unapanda mbele, unazunguka duara zima kupita juu ya kichwa, na mpira unaachiwa chini, karibu na nyonga. Mpira wenyewe ni mkubwa, mzingo wake kama sentimita 30, uzito wake haufiki gramu 200. Mpigaji amesimama na gongo umbali wa mita 13.11 kwa wanawake, yaani kama kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni kwa nyumba nyingi za kwetu. Timu nzima inamtegemea huyo mmoja. Akichoka yeye, wamechoka wote.

Siku ya tatu tulimuona akinyanyua ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto, na yeye si mashoto. Tukamuuliza. Akasema bega la kulia linamuuma mbele, pale msuli wa mkono unapojishika begani. Ndipo akatueleza kwamba mwisho wa msimu alirushishwa mechi nne kwa siku mbili, kwa sababu mwalimu wao (hatumtaji, na si yeye peke yake) anaamini kurusha kwa chini hakuumizi mkono. Imani hiyo imeenea sana, na si kweli. Watafiti waliopima mabega ya warushaji wa softiboli walikuta nguvu inayolivuta bega wakati wa kuachia mpira inalingana na ya warushaji wa besiboli, wale wanaorusha kwa juu. Tofauti ni kwamba wavulana wa besiboli wanahesabiwa mirusho na kupumzishwa, na msichana wa softiboli anaambiwa endelea tu mama, wewe ni hodari.

Na hodari wapo. Yukiko Ueno wa Japani alirusha mipira 413 katika mechi tatu ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mbili kati ya hizo siku moja, na nchi yake ikawafunga Wamarekani 3-1 kwenye fainali. Dunia ilimshangilia, na sisi tulipohadithiwa tulipiga vigelegele. Lakini watu husahau kwamba huyo huyo Ueno alirudi kurusha fainali ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 39, akachukua dhahabu tena. Mkono haufiki miaka hiyo kwa ushujaa wa siku mbili. Unafika kwa namna unavyotunzwa miezi ambayo hakuna anayeshangilia.

Sasa tukiri kosa letu na haki yetu pia. Sisi tulisema akae ndani, asinyanyue kitu. Yeye alisema akikaa ndani siku arubaini atarudi chuoni hajui kurusha. Mabishano yalikuwa makali kidogo, chai ikapoa. Tulipomsikiliza vizuri tukaona kila upande una nusu ya ukweli. Wiki za mwanzo baada ya msimu mrushaji anatakiwa apumzike kweli, asiguse mpira kabisa, bega lipoe. Hapo singo na kulala mchana havina ubaya, ingawa tulikatazwa kulikanda bega kwa nguvu kama tulivyozoea, tukalipaka mafuta ya nazi kwa vidole tu. Na ikiwa maumivu yanamuamsha mtu usiku au vidole vinakufa ganzi, hayo si ya mama mdogo na chupa ya mafuta, ni ya hospitali na wataalamu wa fiziotherapia.

Lakini baada ya wiki tatu hivi kulala kunageuka hasara. Mwili wa mrushaji ukikaa bure miezi mitatu, halafu Oktoba ukaingizwa uwanjani kwa pupa, ndipo bega linapochanika. Kwa hiyo wiki ya nne binti alianza kazi, na sisi ndio tuliokuwa wasimamizi, tumekaa mkekani na bakuli la ubuyu.

Jambo lililotushangaza ni kwamba hakuanza na mkono. Alianza na miguu. Nguvu ya mrusho inatoka kwenye mguu unaosukuma ardhi, inapanda nyongani, inapita kiunoni, na mkono ni kama ncha ya mjeledi tu. Wenye miguu dhaifu ndio wanaolipa kwa bega. Basi kila siku moja baada ya moja, baada ya Alasiri, alikuwa akichuchumaa na kuinuka, akipiga hatua ndefu na kushusha goti, akilala chali na kuinua nyonga, akijiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka kama ubao. Mmoja wetu alijaribu huo ubao, akahesabu mpaka kumi na moja. Tumecheka mpaka leo.

Kisha alifunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha, akawa anakivuta polepole kwa nyuma, viwiko karibu na mbavu. Hiyo ni kwa misuli ya nyuma ya bega, inayoushika mkono usichomoke baada ya mpira kwenda. Ya mbele kila mtu anaishughulikia kwa sababu inaonekana kwenye kioo. Ya nyuma ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo breki.

Mpira ulikuja mwisho kabisa, na haukuwa mpira. Ilikuwa soksi iliyojazwa soksi, hatua tatu kutoka ukutani, kiganja peke yake kikijifunza kukatika: pa, pa, pa. Alianza na mirusho thelathini laini kisha akaacha, hata akiwa na hamu. Siku ya pili hakurusha. Wiki iliyofuata akarudi nyuma hatua mbili, ukaingia mzunguko wa nusu, halafu mzunguko mzima, na mpira wenyewe ukatoka kwenye begi wiki ya sita. Lalamiko pekee lilitoka kwa dada yetu, kwamba ukuta unapigwa kukaribia Maghrib na yeye anataka utulivu. Haki yake.

Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu wasomaji wetu wengi wana binti, mdogo wao, au wao wenyewe wanapenda mchezo fulani, na kila mara hoja ya nyumbani ni ileile: uwanjani kuna wanaume, nguo, macho ya watu. Wapenzi, hatuipuuzi stara, na humu hatutaanza leo kuipuuza. Lakini tazameni hesabu. Mrushaji anatengenezwa uani. Pale Kizota ua una ukuta, geti linafungwa, mdakaji alikuwa kaka yake wa miaka kumi na nne aliyejikinga kifua kwa mto, na watazamaji ni sisi. Siku ya mechi nayo, sare ya softiboli inaweza kuwa suruali ndefu, na shati la mikono mirefu na hijabu havimzuii mtu kurusha. Anayesema dini ndiyo inayomzuia binti kuvuta tyubu dirishani atueleze ni wapi. Sisi tunajua tu kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda mara ya kwanza.

Kinachomzuia hasa ni kitu ambacho hakina fatwa: kazi za nyumbani. Kaka yake akifunga skuli anacheza mpaka jua lizame, na hakuna anayemuuliza. Yeye akifunga chuo anakabidhiwa ndoo, ufagio, mtoto wa jirani na sufuria ya ugali wa mtama. Tulihesabu siku moja: tangu Alfajiri mpaka Isha alipata dakika ishirini za kwake, na katika hizo tukamwita apake liwa. Na ndoo kichwani si mazoezi ya mrushaji, msije mkajidanganya. Ni uchovu tu. Tuliomba dada atoe dakika arubaini baada ya Alasiri, na kaka mtu akachota maji. Alinuna siku mbili. Ya tatu alikuwa anachota akiimba.

Mabiharusi, hili ni lenu. Wiki ya tano mama mkwe mtarajiwa alikuja kutusalimia, akaukuta mkono wa biharusi una malengelenge kwenye vidole. Akauliza kwa upole, lakini akauliza: ataendelea na hayo baada ya ndoa? Tulitazamana. Maana posa ilipokuja tulizungumza mahari, kitanda, kabati na idadi ya watu ukumbini, na hakuna hata mmoja aliyetaja softiboli, wala biharusi mwenyewe. Alidhani likizungumzwa posa itavunjika. Sisi tunaona kinyume: lisilosemwa kwenye posa ndilo linalosemwa kwa kelele mwezi wa tatu wa ndoa. Kama unacheza, unasoma, unashona au unafanya biashara na unataka kuendelea, mtume mjomba au baba yako aliseme kabla mahari haijatajwa, kwa maneno ya wazi, pamoja na miezi na masaa. Mume naye apate nafasi ya kukubali au kukataa akiwa na akili zake.

Tulifanya hivyo tukiwa tumechelewa. Jioni ileile baba yake biharusi alimpigia simu bwana harusi, wakazungumza muda mrefu nje kwenye baridi. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba msimu wa Oktoba amalize, na mwakani wakae wawili waangalie upya. Si jibu la ndoto, na biharusi alilipokea kimya kabla ya kusema sawa. Sisi tulitaka zaidi. Yeye alisema msimu mmoja akiwa na bega zima unamtosha kwanza.

Siku moja kabla hatujampaka hina tulimpimia uwanja kwa kamba na hatua, tukakuta ua wote hauzidi mita kumi na moja. Akafungua geti, akasimama nje kwenye vumbi na kitambaa chake kimefungwa vizuri, kaka yake akachuchumaa mlango wa jikoni na mto kifuani, na watoto wa rede wakaacha chupa yao kuja kutazama. Mpira wa kwanza ulipita juu ya mdakaji ukaangusha sufuria. Wa pili uliingia mikononi mwake.