Dakika Tano za Utulivu



Jioni moja mwaka jana nilirejea nyumbani Temeke nikiwa nimechoka, baada ya kusimama ndani ya daladala muda mrefu. Mtoto wetu mdogo alikuwa akicheza ukumbini. Aliponisikia nikifungua mlango, aliacha mchezo wake akaenda kujificha nyuma ya mama yake. Sikuwa nimempiga. Baada ya chakula mke wangu aliniambia kwa upole, "Baba watoto, mwanao anazijua hatua zako. Zikiwa nzito, anajificha."

Maneno hayo yalinichoma. Bila shaka siko peke yangu. Wengi wetu tunaoishi Mbagala, Tandika, Manzese au Mwananyamala tunabeba mchana kutwa mzigo wa kodi, ada na msongamano wa barabarani, kisha tunautua juu ya vichwa vya watoto wetu, ambao hawakukosa neno.

Dawa niliyoijaribu ni taamuli, yaani kuketi kimya na kuituliza fikira. Wapo wanaodhani kuwa hayo ni mambo ya wageni au ya watu wenye nafasi. Sivyo. Waislamu na Wakristo tangu zamani wanajua thamani ya kunyamaza mbele ya Mungu. Naye Dakta Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba mtu akiketi kwa utulivu na kurudia neno moja, mwili hulegea, pumzi na mapigo ya moyo hupungua kasi.

Kuanza si kazi. Kazi ni kudumu. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha University College London walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 96 waliojizoeza jambo jipya. Kila mmoja alilifungamanisha na jambo alilokwisha kuzoea kulifanya kila siku. Kwa wastani mazoea yalichukua siku 66 kukomaa. Kwa wengine zilitosha 18, na kwa wengine zilikadiriwa kufikia 254. Kadhalika, kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote.

Basi nami nilijitwika kazi ya kuwasha jiko la mkaa alfajiri. Makaa yakisha kushika moto, naliacha jiko uani lipate upepo. Wakati yanapokolea, naketi juu ya kigoda, mgongo wima, macho nimeyafumba. Nahesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha narudia. Fikira ya ada ikinijia, sigombani nayo. Naanza tena moja. Moto ukikolea, nateleka birika, na taamuli imekwisha.

Usingoje nyumba iwe kimya. Katika nyumba ya kupanga, majogoo yatawika na ndoo zitalia bombani. Ziache zilie, wewe hesabu pumzi. Na jioni, kabla hujagusa mlango, simama barazani uvute pumzi tatu taratibu.

Lakini tusidanganyane. Taamuli hailipi kodi, wala haichukui nafasi ya tabibu. Aliyekosa usingizi au aliyekata tamaa kwa majuma mengi hana budi kwenda hospitali, iwe Temeke au Mwananyamala, akaeleze bila haya.

Mimi mwenyewe bado zipo siku ninapofoka. Hata hivyo, majuzi nilirudi nimechoka vile vile. Nilisimama barazani, nikavuta pumzi zangu tatu, nikaingia. Mtoto hakujificha. Alikuja kunipokea kikapu, akaanza kunisimulia habari za shule.

Kesho alfajiri, ndugu msomaji, chagua jambo moja unalolifanya kila siku, ulifungamanishe na dakika tano za utulivu. Walio nyumbani mwako watalijua badiliko kabla hujawaambia.