Plau la Babu na Trekta Ndogo

Huenda kule nyumbani, Voi au Mwatate, babu aliacha plau la ng'ombe likishika kutu nyuma ya ghala. Sasa mmechanga pesa mkanunua trekta ndogo, na fundi wa jua kali asema ni kazi ya nusu saa. Kabla hajawasha moto wa kuchomelea, sikiliza.

Plau hilo liliundwa kuvutwa taratibu, mtu akilishika nyuma. Ng'ombe akihisi kisiki husimama, trekta haihisi. Mashamba ya nyanda za chini za Taita yana visiki na mizizi ya migunga. Plau likinasa, boriti hupinda, au mikono humpiga mshikaji mbavuni.

Kwa hivyo mikono iondolewe, boriti iongezwe chuma, kisha ichomelewe kwenye fremu inayofungwa pointi tatu nyuma ya trekta: mbili chini, moja juu. Hapo hapana haja ya mtu kutembea nyuma.

Anayependa njia ya mkato hufunga mnyororo juu ya ekseli. Hiyo ni hatari kubwa! Plau likinasa, trekta huinua pua na kumpindukia dereva. Mzigo huvutwa kutoka chini, kwa gia ndogo.

Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazina ahadi, na pojo hazingoji. Lijaribuni mapema, kwenye kipande kidogo. Boriti iliyopinda hunyooshwa. Mbavu za kijana wenu je?