Khanga za Bibi Zisiishie Sandukuni

Katika nyumba nyingi za kwetu liko sanduku, au begi la juu ya kabati, lenye khanga zisizovaliwa tena. Kuna ya harusi ya mama. Kuna ya arobaini ya mtoto ambaye sasa ni mtu mzima. Kuna upande mmoja wa doti, mwenzake ulikwishakuwa mbeleko ukachanika zamani. Kuzitupa hatuna moyo, na kazi ya kuzipa hatuna. Naandika kuziombea kazi. Zitoeni, zikateni, mzishone kwa mikono yenu ziwe mfarishi wa mtoto, foronya ya mzee au mto wa shangazi, kisha mumpe mtu wa nyumbani kwenu mwaka huu huu.

Blanketi la dukani silisemi vibaya. Linatia joto na linapatikana kila soko. Lakini blanketi lile litamfaa mtoto yeyote. Mfarishi ulioshonwa kwa shati la baba, gauni la shangazi na khanga ya bibi una mwenyewe mmoja tu duniani, na mtoto akianza kusema ataweka kidole juu ya kipande kimoja aulize, hiki kilikuwa cha nani? Hapo atasimuliwa ukoo wake.

Watu wa pwani hatuna sababu ya kuiona kazi hii ngeni. Khanga yenyewe, kama historia yake inavyosimuliwa Unguja na Mombasa, ilizaliwa kwa sindano. Katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado mtanda mmoja, hazijatenganishwa. Wakakata leso tatu kwa pamoja, wakakata tatu nyingine, wakaziunganisha ubavu kwa ubavu, wakapata vazi la leso sita. Baadaye wafanyabiashara waliona kinachopendwa, wakaagiza kitambaa kizima chenye nakshi hizo. Kabla ya kiwanda chochote kuchapa khanga kulikuwa na mwanamke aliyeketi barazani akiunganisha vipande.

Na kofia? Kofia ya mkono, ile nyeupe yenye vitundu, ni zawadi ambayo wanaume wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja wameipokea kwa mke, mama au dada. Hushonwa kwa sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kitambaa cha pamba hupangwa tabaka mbili na nakshi huchorwa juu yake. Kisha vitundu hutobolewa kimoja kimoja, na kila kimoja huzungushiwa uzi hadi kingo zake zikaze. Kofia nzuri ina mamia ya vitundu hivyo, na kuimaliza huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Kumvika mtu kofia ya namna hiyo ni kumwambia mbele ya watu kwamba umemfikiria siku zote hizo. Ng'ambo ya pili ya bahari, Oman, kofia hiyo huitwa kumma, na familia za Muscat zenye ndugu Unguja zinaijua kazi hiyo vizuri kama sisi. Leo kofia za mashine zimejaa madukani, bei yake ndogo, na mwenye macho ya haraka hatofautishi. Wanaojua kutoboa na kukaza kile kitundu wengi wao wamekwenda umri. Hili linaniuma, na ni sababu mojawapo ya wito huu.

Najua kinachowazuia wengi kushona mfarishi wa vipande. Ni aibu ya kiraka. Kwetu kiraka kimesimama muda mrefu kama alama ya dhiki: mtoto mwenye kiraka kwenye kaptura alichekwa shuleni, na mama yake alijitahidi rangi ifanane ili kisionekane. Aibu hiyo inaeleweka. Lakini tazameni wenzetu wawili, wote wa asili ya Afrika, walivyokipa kiraka heshima.

Wa kwanza ni Wasiddi wa jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India. Ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wakipitia Goa iliyokuwa chini ya Wareno, na baadhi ya wazee wao walitoroka utumwa wakaishi msituni. Wamo Wahindu, Waislamu na Wakristo. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani. Hawaanzi katikati. Wanaanza pembeni, wanakunja ukingo wa kipande, wanapiga bandi, wanaongeza kipande kingine, wanazunguka nguo yote wakielekea ndani hadi wakutane katikati. Kila safu ya bandi inapita tabaka zote, hivyo kiraka kinashikamana na nguo ya chini papo hapo. Kazi ikiisha hutia kwenye kila pembe vijipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Mfarishi usio na phula wao huuona uko uchi, kazi haijakamilika. Nguo iliyochakaa inafikishwa mwisho wake kwa pambo.

Wa pili wako Marekani, katika jimbo la Alabama, kijiji cha Gee's Bend kilichozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake ni wazao wa watumwa wa shamba la Pettway, na wengi bado wanalichukua jina hilo. Nyumba zilikuwa za mbao zinazopitisha baridi, fedha hazikuwapo, kwa hiyo wanawake walishona mablanketi kwa nguo za shambani, suruali za dangirizi zilizopauka magotini, magunia, chochote. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalionyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, kisha New York, na watu waliozoea michoro ya wasanii wakubwa walisimama mbele yake kwa mshangao. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake.

Kati ya yote, moja ndilo lililonifanya niandike. Ni la Missouri Pettway wa Gee's Bend, alilolishona mwaka 1942 baada ya kufiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, akazichana, akazishona blanketi kwa msaada wa binti yake Arlonzia. Miaka mingi baadaye Arlonzia alisimulia kwamba mama yake alitaka njia ya kumkumbuka mumewe na ya kujifunika upendo wake. Lile blanketi lipo mpaka leo. Madoa ya jasho na jua yamo ndani yake, na hakuna aliyeyaficha.

Sisi nguo za marehemu wetu tunazifanyaje? Tunazigawa, na ni vizuri: mhitaji anapata sitara na marehemu anapata thawabu. Ombi langu ni dogo. Kabla ya kugawa, warithi mkishakubaliana, wekeni kando khanga mbili tatu za bibi na kanzu au shati la babu. Hizo zikatwe, kila mjukuu apate mto au mfarishi wenye kipande chake. Wajukuu kumi wanaweza kurithi khanga moja bila ugomvi. Na mtoto aliyezaliwa baada ya bibi kufariki, ambaye wenzake humwambia kila siku kwamba yeye hakumwona, atakuwa na kitu cha bibi cha kushika.

Kushona kwenyewe kusiwatishe. Hakuhitaji cherehani wala umeme. Kwa wanaoanza, nawashauri njia ya Wasiddi kwa sababu haihitaji kupima vipande vikalingana. Chukua upande mmoja wa khanga, ukunje katikati upate tabaka mbili. Hapo una mfarishi wa kiasi cha mtoto anayetambaa, kwa wastani sentimita 75 kwa mita moja na kidogo. Fua kila kitu kwanza, hasa khanga mpya, maana rangi huchuja na ikishachuja juu ya kipande cheupe huna la kufanya. Chagua pamba: khanga, kitenge, shati la pamba, shuka kuukuu. Madera ya kuteleza na nguo za kuvutika yaache mpaka mkono uzoee. Anza kwenye pembe, kunja ukingo, piga bandi fupi fupi, safu kwa safu, upana wa kidole kati ya safu na safu. Uzi uwe maradufu, na usizidi urefu wa dhiraa, vinginevyo utafunga mafundo na kukukatisha tamaa. Vaa subana. Bandi zikienda upande, ziache ziende, anayepewa hatazihesabu.

Jina la khanga likiwa la dua au la mapenzi, likate zima ulishone pale mnapokutanisha kazi, katikati. Majina ya kusemana yabaki kwa wakubwa. Na nyuma, pembeni, dariza jina la mtoto, mwaka, na majina ya waliovaa nguo zile. Hilo msiliache kamwe. Miaka hamsini ijayo hakuna atakayekumbuka kwamba kile kipande cha kijani kilikuwa cha Mama Mkubwa kama hakikuandikwa.

Kwa wenye watoto wachanga niseme jambo moja la usalama. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri mtoto asiyefikisha mwaka asilale na mfarishi au mto uliolegea karibu na uso wake. Mfarishi wake uwe wa kutandikwa chini acheze, na wa kumkinga na upepo mkiwa naye mkononi. Wa kujifunika usiku utafika wakati wake.

Mafundi cherehani, nanyi nawaomba. Chini ya meza zenu kuna mabaki ya vitenge ambayo jioni hufagiliwa. Yakusanyeni mfukoni, akipita mwanamke au mtoto anayeomba, mpeni. Vipande vinne vya kitenge kizuri vinaweza kuanzisha mto. Wengi wenu ni wanaume, kwa hiyo nisisikie mtu akisema sindano ni ya wanawake. Baba anayeweza kubana pindo la suruali ya mteja anaweza kumshonea bintiye foronya ya kwenda nayo bwenini. Na yule kijana asiyejua hata kutunga uzi, kwa dada yake atakubalika zaidi na mto wenye bandi za mashaka kuliko na zawadi aliyoinunua dakika za mwisho.

Walimu wa sayansikimu, wasimamizi wa madrasa, akina mama wa jumuiya za kanisa, vikundi vya VICOBA na vyama vya wanawake: ninyi tayari mnakutana. Katika kukutana huko mikono huwa imekaa bure wakati maneno yanaendelea. Kila mmoja aje na vipande vyake na sindano. Mkishona pamoja, anayejua atamrekebisha asiyejua bila darasa wala ada, na mazungumzo yatanoga zaidi. Kikundi kinaweza pia kujiwekea ada ya kumshonea kila mwanachama anayejifungua mfarishi mmoja, kila mtu akitoa kipande kutoka nguo yake. Mama atakayeupokea atajua mtoto wake amepokelewa na watu wangapi.

Walio mbali nao wasijitoe. Mtu aliyeko Toronto, London au Muscat anaweza kutuma shati lake kuukuu nyumbani, au kuomba atumiwe khanga moja ya mama yake aishone huko huko wakati wa baridi. Tunapeleka fedha, tunapeleka simu, na vyote vina nafasi yake. Nguo iliyoshonwa ina nafasi ambayo hivyo viwili haviijazi, maana inalaliwa na inafuliwa na kuanikwa, mwaka baada ya mwaka, mbele ya macho ya wa nyumbani.

Muda utapatikana. Bandi za robo saa kila jioni, taarifa ya habari ikiendelea, zinatosha kumaliza mfarishi wa mtoto katika msimu mmoja. Ukianza mwezi huu, utakuwa tayari kabla ya Idi au Krismasi, kutegemea mwaka umekukuta wapi. Usisubiri ujue vizuri. Wa kwanza utakuwa na kasoro, umpe yule anayekupenda zaidi. Wa pili utakuwa bora.

Na kama karibu nawe yuko mzee anayejua kushona kofia ya mkono au kudarizi foronya, nenda ukakae naye wiki hii, umwombe akuonyeshe polepole, mshono kwa mshono. Kama anayejua ni wewe, mwite mtoto mmoja, wako au wa jirani, umtungie uzi wa kwanza.