Fuvu la Mkwawa Lilirudi na Siasa Zake

Tulipotoka Mbeya kwenda makumbusho ya Kalenga, Iringa, wengi walipiga picha na fuvu la Mtwa Mkwawa, basi. Mimi nikajiuliza: mbona lilirudi 1954? Mkataba wa Versailles uliwaagiza Wajerumani walirudishe tangu 1919! Gavana Twining alilichagua Bremen kwa vipimo vya vichwa vya ndugu zake Mkwawa, akamkabidhi Chifu Adam Sapi. Kenya, Mau Mau inawaka. Huku TANU inazaliwa mwaka huohuo. Hisani? Hapana bwana, naona Mwingereza alitaka Wahehe wawe upande wake. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano. Kikipatikana, familia ikae mbele, wanasiasa nyuma.